Safari tano za Bangkok nikijua Pratunam tu; ya sita mzigo ukachelewa, ndipo nikauona mji

#1 Bi Madera

Wakuu, habari za jioni. Kuna mdogo wangu humu kaniuliza pembeni kama Bangkok kuna cha kutazama zaidi ya nguo. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu kama treni ya Kigoma, nikaona bora nilimwage hapa na wengine wafaidike. Ni habari ya Novemba 2019, kwa hiyo bei nitakazotaja ni za wakati ule. Mwenye bei mpya atatusahihisha.

Mimi ni mtu wa Kariakoo, nauza madera na nguo za watoto. Kabla ya hapo nilishakwenda Bangkok mara tano, na ungeniuliza mji wenyewe ukoje ningekwambia Bangkok ni Pratunam, mtaa wa nguo za jumla. Nafikia hoteli ya Pratunam, asubuhi naingia Platinum, jengo la maduka ya nguo, ghorofa baada ya ghorofa mpaka nyayo ziwake moto. Jioni kwa wakala wa mizigo kupima kilo. Usiku nakula wali wa kuku pale mtaani, nalala. Siku ya nne niko uwanja wa ndege. Duka lipi linakubali bei ya jumla ukichukua vipande vitatu na lipi linataka dazeni, hiyo naijua kuliko majina ya wafalme wao.

Sasa pale Pratunam pana mfereji, unaitwa Saen Saep. Maji meusi tii, yana harufu yake. Juu pana daraja. Kila siku nilikuwa navuka lile daraja nimebeba mifuko, chini yangu boti ndefu zinapita kwa kasi kama daladala inayowahi abiria wa kituo cha mbele, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza zinakwenda wapi.

Safari ya sita, siku ya Alhamisi, wakala (simtaji, tulishasameheana) ananiambia mzigo wangu hautapata nafasi mpaka Jumanne. Nikagomba, nikanuna, nikalia kidogo. Mwisho nikasogeza tiketi kwa faini. Ijumaa asubuhi nimeamka sina la kufanya, Platinum siwezi kuingia maana hela imeisha na macho yana tamaa. Nikateremka zile ngazi za chini ya daraja, nikapanda boti.

Ngoja nipakue chakula, naendelea.

#2 Kipanga wa Mbezi

Uzi bila picha ni batili, dada. Ila endelea, nishatandika mkeka hapa.

#3 Bi Madera

Kipanga mdogo wangu, picha zilikuwa kwenye simu niliyokwapuliwa Msimbazi 2020. Utaniamini kwa maneno au uondoke na mkeka wako.

Ile boti haisimami vizuri. Inagusa gati, watu wanaruka ndani, wengine wanaruka nje, imeshaondoka. Kondakta anatembea ukingoni, nje kabisa, kavaa helmeti, mkono mmoja kamba mwingine chenji. Nauli baht 10 hivi. Baht moja ihesabu kama shilingi 75 mpaka 80 za kwetu, kwa hiyo ni chini ya elfu moja. Ubavuni pana turubai la plastiki lenye kamba. Mkipishana na boti nyingine, aliyekaa pembeni ndiye mwenye kazi ya kuvuta kamba turubai lipande, la sivyo wote mnaogeshwa ule uvundo. Mimi nimekaa pembeni, natazama majumba kama bibi harusi. Mama wa nyuma yangu akanipigia kelele ya Kithai. Sijui Kithai lakini nilielewa. Nikavuta.

Tukapita nyuma za nyumba za watu. Kamba za nguo, vyungu vya maua, mzee anapiga mswaki, paka. Tukapita Bobae, soko lingine la jumla ambalo miaka yote nililifuata kwa teksi nikilala kwenye foleni saa nzima! Kwa boti ni dakika chache. Hapo nilijitukana.

Mwisho wa boti wakati ule ulikuwa Panfa, mlango wa mji mkongwe. Ukishuka unaona kilima chenye kitu cha dhahabu kileleni. Ni Wat Saket (wat kwao ni hekalu), wenyewe wanauita Mlima wa Dhahabu, ila ni kilima cha kujengwa na watu. Kiingilio baht 50. Ngazi zinazunguka kilima taratibu, zaidi ya 300, njiani kuna kengele za kugonga na miti inayotia ubaridi. Juu kunavuma upepo ambao Pratunam hujawahi kuuonja, na unauona mji wote: upande huu mapaa mekundu ya mahekalu, upande ule maghorofa ya vioo. Siku ile walikuwa wamekizungushia kile kinara kitambaa chekundu kirefu, ni wakati wa sikukuu yao.

Mtawa mmoja kijana aliyetaka kujizoeza Kiingereza akanieleza kwamba zamani hapo chini, nje ya ukuta wa mji, ndipo maiti zilipopelekwa. Kipindupindu cha 1820 kilipowapukutisha watu kwa maelfu, kuni za kuchomea hazikutosha, tai wakajaa. Mpaka leo wana msemo wa tai wa Wat Saket. Nimekaa pale juu nanywa maji ya nazi, nasikia hayo, hamu ya nazi ikanitoka.

Nikashuka kuelekea Kasri la Mfalme kwa miguu. Kosa la kwanza: jua. Kosa la pili linaitwa mzee nadhifu. Shati jeupe, beji shingoni, Kiingereza laini. "Madam, kasri limefungwa leo asubuhi, kuna ibada, litafunguliwa saa 7. Lakini kuna bajaji hapa ya baht 20 tu, itakuzungusha mahekalu mengine mpaka muda ufike." Wakuu, mimi ni mtu wa Kariakoo. Nimeuziwa simu ya sabuni 2004, naijua sauti ya mtu anayekupenda ghafla. Na bado nilipanda, baht 20 ilikuwa tamu.

Hekalu moja la haraka haraka, halafu tukasimama kwenye duka la vito. Kiyoyozi, maji baridi, kijana wa tai. Akanitolea trei ya mawe ya bluu inayoelekea zambarau. Ananiambia hili ni jiwe adimu, linatoka sehemu moja tu duniani, Afrika, mbali sana, nyinyi watalii hamjawahi kufika. Nikamwambia mwanangu, nimezaliwa Moshi, Mererani napaona nikienda kumsalimia shangazi. Akanitazama. Nikamtazama. Akaita trei irudishwe.

Dereva wa bajaji alinuna njia nzima, maana anapewa kuponi ya mafuta kwa kila mteja anayemfikisha dukani. Kunishusha akanishusha mbali na kasri. Nilipolifikia, lilikuwa wazi tangu saa 2 na nusu asubuhi.

#4 Fundi Mawe

Hahaha, hiyo ya tanzanite nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Nichangie kidogo kwa kuwa ndiyo mkate wangu. Msidhani ni maigizo tu, Bangkok ni mmoja wa miji mikubwa duniani kwa kukata na kusafisha vito vya rangi. Mawe yetu mengi yanapita kule. Wazee wa Tunduru watawakumbusha miaka ya katikati ya 90, mawe ya safiri (sapphire) yalipoibuka mtoni, jinsi wanunuzi wa Kithai walivyojaa mji mdogo ule. Mtaa wa kazi ni Silom na vichochoro vyake, pale Mahesak. Wikiendi wakubwa wanakwenda Chanthaburi, mji wa kusini-mashariki, saa chache kwa gari. Wanunuzi wanakaa kwenye vimeza barabarani, wauzaji wanazunguka na vijikaratasi vya mawe. Ukienda kutazama tu hakuna anayekufukuza, na Waafrika wenzako utawakuta.

Ila mtalii anayepelekwa dukani na bajaji asinunue kitu hata akiambiwa "ukiuza kwenu unapata mara tatu". Mawe karibu yote yamepashwa moto kuboreshwa rangi, tanzanite yenyewe pia, hilo si dhambi, dhambi ni bei. Ukilipenda jiwe, lipeleke kwanza maabara ya GIT, taasisi ya vito ya serikali yao, wakupe cheti.

#5 Kipanga wa Mbezi

Sasa dada ndani ya kasri uliingia au tanzanite ilikukata stimu?

#6 Bi Madera

Siku ile sikuingia, nilikuwa nimechoka na nimekasirika. Nikazunguka upande wake wa pili, Tha Phra Chan, kuna soko la hirizi. Ndiyo, hirizi. Meza kwa meza, vijisanamu vya udongo na shaba, watu wazima wameinama na lenzi jichoni kama Fundi Mawe, wanakagua kama ni ya zamani au ni feki. Nyingine bei yake inanunua gari. Sikuuliza zinafanya kazi gani, kwetu hayo maswali tunauliza kwa sauti ndogo.

Jumamosi nikawahi. Kasri ni baht 500, ndiyo kiingilio kikubwa kuliko vyote nilivyolipa, na wao wenyewe wanaingia bure. Mavazi: mabega yafunikwe, magoti yafunikwe. Mlangoni kuna foleni ya wazungu wenye kaptula wananunua masuruali ya tembo kwa hasira. Mimi na dera langu na mtandio nikapita kama mwenye nyumba. Kwa mara ya kwanza bidhaa yangu ilinifungulia mlango.

Ndani msikimbilie sanamu ya zumaridi tu (ambayo hata si zumaridi, ni jiwe la kijani la namna nyingine, na ni ndogo, sentimita 66 hivi, imekaa juu huko). Mfalme huibadilisha mavazi ya dhahabu mara tatu kwa mwaka: ya kiangazi, ya masika na ya kipupwe. Kilichonikalisha mimi ni ukuta wa ua unaozunguka hekalu. Umechorwa hadithi nzima ya Ramakien, picha 178, vita vya majitu na jeshi la nyani. Ukianza mlango wa kaskazini unafuata hadithi kama filamu. Kuna picha ya nyani mkubwa kajilaza, mwili wake ndio daraja, jeshi linapita mgongoni. Nilisimama pale mpaka kikundi cha Wachina kikanizunguka kama nguzo.

Kasri lilianza kujengwa 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipohamisha mji mkuu kutoka Thonburi ng'ambo ya mto kuja upande huu. Kabla ya hapo mji mkuu mkubwa ulikuwa Ayutthaya, Waburma wakaubomoa 1767. Ukizijua tarehe hizo mbili, mambo mengi utakayoyaona yanaelezeka, maana mji huu ulijengwa na watu waliopoteza mji.

Kutoka hapo mpaka Wat Pho ni kutembea tu. Buddha aliyelala, mita 46, kapakwa dhahabu mwili mzima, chumba kimembana kama mtu mrefu kwenye siti ya Coaster. Nyayo zake zimepambwa kwa maganda ya chaza, alama 108. Ukutani vimepangwa vikombe 108 vya shaba, unanunua sarafu ndogo ndogo unadondosha kimoja kimoja, ule mlio wa ting ting ting wa watu wengi kwa pamoja sijausahau. Humo humo Wat Pho ndipo chuo chao cha masaji ya asili. Nilikandwa saa nzima kwa mia nne na ushei, na mwanamama mwenye viganja kama mchi. Marobota ya miaka sita yalitoka mgongoni. Ni masaji ya heshima, umevaa nguo, watu kumi mmelala mistari.

Halafu unavuka mto kwa kivuko, sarafu chache tu, uko Wat Arun. Kwa mbali ni kinara cheupe. Karibu unakuta kimepambwa vipande vya sahani na vikombe vya Kichina, maua na majani yamepangwa kwa vigae vya vyombo. Ngazi zake zimesimama wima, kupanda rahisi, kushuka niliteremka kwa makalio, sitaki kuficha.

#7 Mwana wa Kisauni

Dadangu, hapo kwa vyombo umenigusa. Nilipofika Wat Arun nikakumbuka ile nguzo ya kaburi ya Mambrui, pale kaskazini ya Malindi, ilopachikwa mabakuli ya Kichina. Na Kunduchi kwenu yapo makaburi ya aina hiyo hiyo. Wazee wetu walipachika bakuli zima, hawa wakavunja vipande wakashona maua. Merikebu zilikuwa zaleta vyombo pande zote, kila mwenye pwani akajua la kufanya.

Na hiyo muitayo bajaji sie twaita tuktuk, na wao pia. Kwa hiyo Mombasa na Bangkok ni ndugu, Dar mujipange.

Kwa wenye kupanga safari: usafiri wa maana ni mto. Nenda kituo cha treni ya juu cha Saphan Taksin, chini yake ndipo gati la Sathorn. Panda boti yenye bendera ya rangi ya machungwa, nauli moja popote ushukapo. Wapiga debe watakuvuta kwa boti ya watalii yenye bei zaidi, mto ni huo huo.

#8 Mpemba wa Wete

Bi Madera, asalaam aleikum. Mie nilikwenda mwezi wa sita, msimu wa matunda, na nnakwambia nlitaka nilie. Duriani! Mtu wa bara ukimtajia duriani anaziba pua, mie nimekulia chini ya mduriani. Kule lipo soko linaitwa Or Tor Kor, kituo cha treni ya chini Kamphaeng Phet. Duriani zimepangwa kama mizinga, muuzaji anagonga kwa kijiti anasikiliza, akikwambia hii ya leo usiku, basi ni ya leo usiku. Aina yao ya Monthong ni nono, tamu, harufu yake ya upole kuliko yetu. Shokishoki zimo, fenesi zimemenywa zimefungwa, embe wanazila na wali wa kunata uliotiwa tui. Wallahi kile chakula kingezaliwa Pemba kingekuwa cha futari.

Ila hotelini usiingize duriani. Mlangoni wameweka alama ya katazo na picha yake, kama ilivyo sigara. Mie nilikula barabarani nimechutama, watu wananipiga picha.

Na usiku nenda Pak Khlong Talat, soko la maua, halilali. Asumini magunia kwa magunia, wanawake wanatunga vishada kwa sindano ndefu, mikono haitazami. Wao wanatundika kwa masanamu yao na vioo vya magari. Mie nikanunua cha bibi yangu nikaweka begini, nilipofungua Wete kilikuwa kimekauka lakini harufu imeshika nguo zote.

#9 Mzee wa Kiti Kirefu

Mnaficha mambo. Bangkok kila mtu anajua watu wanafuata nini. Mahekalu ya wapi.

#10 Bi Madera

Mzee wangu, hiyo mitaa ipo na haijajificha, anayeitaka haulizi ramani. Shikamoo.

#11 Msafiri wa Ruwi

Salaam kutoka Maskati. Dada Madera, hujagusia chakula cha halali na wengi watauliza, niruhusu.

Sisi huku watu wengi huenda Bangkok kwa matibabu. Mimi nilimsindikiza mama mkwe, tukakaa wiki tatu Sukhumvit, kichochoro cha 3, wanakiita Nana. Pale mabango ni ya Kiarabu, utakuta mandi, shawarma, chai ya maziwa, na nimesalimiwa Kiswahili mara mbili. Lakini baada ya siku nne nikachoka kula nyumbani nikiwa ugenini, nikaanza kutafuta Waislamu wa Kithai wenyewe.

Nenda Phetchaburi kichochoro cha 7, karibu na kituo cha Ratchathewi, pana msikiti wa Darul Aman na vibanda vya chakula mtaa mzima. Kula khao mok kai. Ni wali wa manjano na kuku, ukifumba macho ni biriani ya mpishi mwenye haraka. Kutoka Pratunam kwenu ni karibu kabisa. Bang Rak kuna msikiti wa Haroon, mtaa wa zamani sana ule, nyuma ya ubalozi wa Ufaransa. Kwenye maduka madogo tazama alama ya kijani ya umbo la almasi yenye maandishi ya Kiarabu, hiyo ndiyo halali yao.

Na ule mfereji wako dada, ulipita Ban Krua bila kujua. Ni kijiji cha Waislamu wa kabila la Cham, mababu zao walipewa ardhi pale na Rama wa Kwanza kwa kupigana upande wake. Ni wafumaji hariri. Mmarekani Jim Thompson alipoanza biashara ya hariri baada ya Vita Kuu ya Pili, vitambaa alifumiwa na hao, nyumba yake aliijenga ng'ambo ya mfereji akiwatazama. 1967 alitoka kutembea kwenye milima ya Cameron kule Malesia, hakuonekana tena mpaka leo. Nyumba yake ya mbao za mti wa msaji ni makumbusho, nzuri sana. Lakini wengi wanaitazama nyumba wanarudi. Vuka mfereji, ingia vichochoroni Ban Krua, sikiliza. Tulisikia kitanda cha mfumi kinagonga. Mama mkwe, mtu wa Ng'ambo Unguja, akasimama mlangoni kwa watu kama kwake. Akapewa kiti.

#12 Kajala Mdogo

Nilikwenda 2025, nisahihishe bei. Kasri bado 500. Wat Pho sasa 300, Wat Arun 200. Kwa hiyo mahekalu matatu peke yake ni 1,000, pangeni.

Na karatasi ndogo ile ya kujaza kwenye ndege haipo. Tangu tarehe 1 Mei 2025 unajaza fomu mtandaoni, TDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, mkiona tovuti inadai dola kimbieni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano msisahau, tunaotoka Tanzania na Kenya tunaanzia dawati la afya KABLA ya uhamiaji. Mimi nilipanga foleni ya uhamiaji dakika 50, nafika mbele narudishwa kupiga muhuri wa afya. Mwenzangu aliyejua alikuwa ameshafika hotelini.

Dola ziwe noti mpya za 100, noti ndogo wanazibadilisha kwa bei ya chini. Sigara za umeme acheni nyumbani, ni kosa la sheria kule. Na familia ya mfalme haitaniwi hata kwa mzaha wa mtandaoni, kifungo ni miaka 3 mpaka 15.

#13 Bi Madera

Ahsante Kajala. Na wewe Msafiri, Ban Krua umenitia uchungu, nimepita pale mara nne!

Nimalizie siku zangu. Jumamosi jioni sikuwa na nguvu. Jumapili nikaenda Chatuchak, soko la wikiendi, vibanda zaidi ya 15,000. Kama hujui unachotafuta hutakipata, na kama unajua utapata kingine. Vyungu, sungura, jinzi za mtumba, sanamu, kila kitu. Ukiona kitu umekipenda nunua hapo hapo, usiseme nitarudi. Kile kibanda hutakiona tena mpaka kiama.

Jioni nikaenda Lumphini, bustani kubwa katikati ya maghorofa. Nimekaa kwenye nyasi, kikatoka majini kitu kirefu kama mtu, ulimi nje, kinatembea kama kimelipa kodi. Kenge! Wakubwa, wengi, watu wanakimbia mazoezi pembeni yao bila habari. Nikamwuliza dada mmoja kenge kwa Kithai anaitwaje, akaona haya, akasema ni tusi baya, mtu haitwi hivyo. Nikamwambia hata kwetu. Tukacheka tukashikana mikono. Saa 12 kamili spika zikapiga wimbo wa taifa, wakimbiaji wote wakasimama kama wamezimwa swichi, mimi nikasimama, kenge peke yake akaendelea.

Jumatatu asubuhi, Chinatown. Wat Traimit kuna Buddha wa dhahabu tani 5 na nusu. Miaka mingi alikuwa amepakwa plasta, anajulikana kama sanamu la kawaida tu. 1955 wakiwa wanalihamisha likaanguka, plasta ikapasuka, ikaonekana dhahabu. Inaaminika walimpaka zamani ili wavamizi wasijue. Nilikaa mbele yake nikawaza vitu vilivyojaa stoo kwangu.

Hatua chache ni Sampeng. Hapa niwe mkweli, utalii uliishia hapa. Ni kichochoro cha upana wa mikono miwili, pikipiki za mizigo zinapita humo humo, na vifungo, zipu, lesi, hereni, vibanio, vyote kwa dazeni na kwa kilo. Lesi niliyokuwa nanunua Kariakoo kwa mtu wa tatu, naiona kwenye chimbuko lake. Hela nilisema imeisha. Ikapatikana.

Na usiku ule, tarehe 11 Novemba, ndio ulikuwa Loy Krathong. Mwezi karibu unajaa, watu wanamiminika mtoni na vijiboti vya gogo la mgomba vilivyopambwa majani na maua, mshumaa na udi katikati, wengine wanatia sarafu. Wanaomba radhi mto kwa uchafu wa mwaka mzima, ndivyo nilivyoelezwa. Mimi ni Muislamu, nilitazama tu. Mto mzima ukawa taa ndogo ndogo. Palikuwa na baba na binti yake wa kama miaka minne, kijiboti chao kilikuwa kinarudi ukingoni kila kikisukumwa, binti analia. Baba akavua viatu akaingia majini mpaka kiunoni na suruali ya kazini, akakifikisha penye mkondo.

Jumanne mzigo ukaondoka, na mimi.

#14 Kipanga wa Mbezi

Dada mkeka wangu hautoki hapa. Naenda mwezi ujao kuchukua viatu vya watoto, mara ya kwanza. Naongeza siku tatu. Nipe la mwisho la kuzingatia.

#15 Bi Madera

Anza saa 12 asubuhi, saa 5 uwe kivulini. Suruali ndefu. Maji. Teksi mwambie awashe mita, inaanzia baht 35, akikataa shuka. Usikanyage noti hata ikipeperuka, ina sura ya mfalme. Na mzee nadhifu akikwambia kasri limefungwa, mpite kama humsikii.

#16 Kipanga wa Mbezi

Nimefika wakuu, wiki ya pili sasa. Mzigo umekamilika jana. Leo nimeamka na ratiba ya Bi Madera mkononi. Nipo karibu na kasri, kuna mzee mmoja mstaarabu sana hapa anasema leo asubuhi watawa wana

#17 Bi Madera

KIPANGA USIPANDE.

#18 Kipanga wa Mbezi

Dada, nishapanda. Ni baht 20 tu.

#19 Fundi Mawe

Mkuu ukifika dukani tupe bei ya tanzanite, nilinganishe na ya Arusha.

#20 Kipanga wa Mbezi

Ndio wanatoa trei.